Kula Bure, Mbegu Rudisha

Kopo lilikuwa la kahawa, kifuniko kimeliwa na kutu,
na ndani yake majivu, na ndani ya majivu
mbegu kumi na moja, nyekundu, bapa,
kama kucha za mtoto aliyecheza hina.
Ndio urithi wangu.
Kaka alichukua ng'ombe. Dada, cherehani na vitenge.
Mimi nilichelewa basi la Pawaga,
nikakuta kopo.

Mama, Sekalinga, alikuwa akisema
tikiti hili halijawahi kununuliwa.
Alipewa na mama yake, naye alipewa,
na huko nyuma zaidi mkono haujulikani,
ila ulikuwa na sugu.

Sasa mimi nakaa Mafinga.
Mafinga ni misonobari na malori ya mbao,
ni asubuhi ya Julai unapokuta maji ya kuku
yameota ngozi ya barafu.
Tikiti ni mtoto wa bondeni, wa joto.
Kijana wa duka la pembejeo alizitazama kiganjani mwangu
kama anayeoneshwa noti iliyokwisha kuondolewa sokoni.
"Mama, chukua chotara. Siku themanini, tamu."
"Na mwakani nipande nini?"
"Mwakani unarudi dukani."

Sikurudi.

Septemba nilizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu,
nikazivaa kiunoni, chini ya sweta, siku nne mchana na usiku.
"Kuku," alisema Kikoti, akageukia ukutani.
Tisa zilichipua.
Kila shimo nililizungushia mawe meusi:
jiwe hula jua kutwa,
usiku likalirudisha kidogo kidogo
kama mdaiwa mwenye haya.

Konokono walikula mbili. Baridi, moja.
Mbuzi wa Mama Ambwene alikula nne kwa mpigo,
akasimama ananitazama, anatafuna.

Nyuki hawakuja. Ukungu uliwafungia mizingani
mpaka saa nne, na ua la tikiti halina subira.
Basi nikachuma ua dume, nikalivua nguo zake za njano,
nikalisugua ndani ya ua jike,
lile lenye kitumbo chini yake,
huku nikiangaza njiani kama mwizi:
mwanamke wa miaka hamsini na sita
anaozesha maua alfajiri.

Moja lilishika. Moja tu.
Nililitandikia ubao, jioni nikalifunika gunia.
Siku nilizochelewa sokoni
nilikuta gunia limeshafunika, kingo zimekazwa kwa mawe.
Mimi na Kikoti hatukulizungumza hilo.

Mwisho wa Januari kikono chake kilikauka.
Nikabisha. Likaitika kwa sauti nene.
Watoto wa mtaa wakaja, nikawatajia sharti kabla ya kisu:
kula bure, mbegu rudisha. Hakuna kumeza.
Beseni likawekwa katikati.

Na tikiti, niseme kweli,
halikuwa tamu.
Mvua za Desemba zilikuwa zimelitia maji mpaka moyoni.
Lilikuwa kama tango lililosikia habari za sukari
kwa mtu wa tatu.
Watoto walikula kwa adabu. Lwitiko akaomba chumvi.
Mimi nilitafuna polepole nikiitafuta Pawaga
na sikuipata,
lakini mlio wa mbegu zikidondoka kwenye beseni
niliujua. Niliujua sana.

Usiku nikahesabu: mia mbili na sita.
Kikoti akahesabu: mia mbili na saba.
Tukahesabu tena, tukagombana, tukalala.

Siku ya tatu Lwitiko alibisha hodi,
kiganja kimefumbwa, macho chini.
"Bibi, moja niliimeza," akasema.
"Nimeirudisha."

Sikumuuliza njia iliyopita.
Nimeiosha mara saba.
Nimeiweka kwenye kopo lake peke yake, na majivu yake,
na Septemba, Mungu akipenda,
hiyo ndiyo itakayoanza kushuka shimoni.